Mkanda kutoka Ohio

Ukitua Heathrow na goti bovu, ukaomba kiti cha magurudumu, omba Mungu akupe Cosmas. Si kwamba anasukuma vizuri kuliko wenzake. Kona anazikata vibaya, na mlango wa lifti ameshaugonga kwa miguu ya watu. Ni ile sauti. Cosmas anaongea Kiingereza kizito, cha chini, kinachokuja taratibu, kila neno likipewa muda wa kukaa kitako kabla ya lingine kuingia. Abiria aliyeachwa na ndege, anayefoka mpaka mishipa ya shingo imemsimama, akiambiwa na Cosmas, "Don't worry, madam," hunyamaza. Wengine husinzia. Msimamizi wake, kijana mmoja anaitwa Ryan, alimwuliza siku moja Kiingereza hicho alijifunzia wapi. Cosmas akajibu bila kupepesa: Amerika.

Amerika yenyewe hajaikanyaga. Amerika yake ilikuwa Majengo, Moshi, sebuleni kwa kina Humphrey, mwaka themanini na nane.

Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Waliokuwa na seti walikuwa na deki ya video, na waliokuwa na deki walikuwa na jeuri. Baba yake Humphrey, mfanyabiashara wa kahawa, alikuwa navyo vyote vitatu. Kaka yake Humphrey alipopata nafasi ya kusoma Ohio, Jumamosi moja akarekodi kila kilichopita kwenye televisheni ya bwenini kwao, akautuma mkanda nyumbani umeviringishwa ndani ya soksi. Mkandani mlikuwa na shindano la vijana kucheza dansi, kipande cha mchezo wa kuchekesha kuhusu familia yenye ngazi ndani ya nyumba, mechi ya kikapu, na matangazo mengi ya chakula cha mbwa. Vijana wa Majengo waliyakariri yote kwa heshima ileile, hata ya mbwa.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mkanda ulirekodiwa kwa mitambo ya Kimarekani, deki ilikuwa ya kule kwetu, na viwili hivyo havikuelewana. Rangi ikakataa kutoka. Picha ikawa ya kijivu, ikienda kwa uvivu wa ajabu, na sauti zikazama kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Ungewaambia nini wale watoto? Hawakuwa na Amerika nyingine ya kulinganisha. Wakaamini kwamba Mmarekani ni mtu wa kijivu, mwenye sauti nzito, asiye na haraka na jambo lolote.

Wakaanza kuishi hivyo. Cosmas alinunua jinzi nyekundu mitumbani Kiboriloni, akailoweka kwenye jiki mpaka ikapata rangi ya majivu, na mama yake akalia. Kwenye ile mechi wachezaji waliruka, wakakaa huko juu, wakatafakari, ndipo wakatumbukiza mpira. Kwa hiyo Cosmas naye akaenda uwanja wa shule, akaruka, akajaribu kukaa juu. Jino la mbele alilonalo leo ni la kubandika.

Lakini kwenye dansi hakuna aliyemfikia. Ule mtindo wa mkandani waliuita Ohio. Goti linapanda taratibu, bega linaachia, mwili mzima unainama upande mmoja mpaka watu wanashika vinywa wakingoja uanguke, nao hauanguki. Cosmas aliweza kuinama hivyo huku akitabasamu. Kila disko la Moshi lilimjua, na mbele ya jina lake waliweka neno Bingwa. Miaka kadhaa baadaye, kwenye harusi ya binamu yake, msichana mmoja anaitwa Placida alimwona akiinama, akasubiri aanguke, akachoka kusubiri, akampenda. Kutongozwa kwenyewe kulifanyika kwa ile sauti ya pipani. Placida husema alidhani kijana ana kifua, akamhurumia.

Na ile mechi? Hapo ndipo penye ugomvi. Mkanda uliisha kabla ya mechi kwisha. Timu ya kijivu ilikuwa nyuma ya timu ya kijivu iliyokolea kwa pointi moja, mchezaji wao akarusha mpira kutoka mbali, mpira ukaenda, ukaenda, ukiwa juu ya kikapu kabisa kioo kikabaki na chenga tupu. Cosmas anasema uliingia. Humphrey anasema uligonga chuma ukarudi. Humphrey naye yuko London sasa, anaendesha basi, anakaa Southall, na Jumapili zote wanapigiana simu, na haipiti Jumapili bila huo mpira. Mama yake Cosmas alipofariki huko nyumbani, yeye akiwa hana ruhusa ya kusafiri, Humphrey alipiga simu akashindwa la kusema. Mwisho akasema, "Lakini ule mpira haukuingia, Cosmas." Cosmas akacheka mpaka akalia, na akalia kweli, kwa mara ya kwanza tangu taarifa ifike.

Basi, huyo ndiye Bingwa. Nyumbani kwake Hounslow, hata hivyo, cheo hicho hakikuwa na thamani ya shilingi. Binti yao Haika, mwenye miaka kumi na saba, alimjua baba mmoja tu: yule anayelala kwenye kochi na fulana ya kazi, mdomo wazi, rimoti kifuani. Haika anasikia Kiswahili chote, na kukijibu hukijibu kwa Kiingereza. Kila Cosmas alipogusia habari za Ohio, alipata maneno mawili tu: "Sure, Dad." Mtu asiyejua angesema mtoto amekubali. Cosmas alijua, na yalimuuma kuliko alivyoonyesha. Hakutaka mengi. Alitaka mara moja tu mtoto amwangalie kama watu wa Moshi walivyokuwa wakimwangalia.

Ikaja jubilei ya miaka ishirini na tano ya ndoa yake na Placida. Unajua jubilei za kwetu: kamati, sare, mshereheshaji, ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, mdomoni ana majani, na maharusi wazee kuingia ukumbini wakicheza. Mwenyekiti wa kamati akawa Humphrey. Placida akasema sherehe iwe ya mtindo wa miaka ya themanini, na Cosmas, kwa mamlaka ya mtu aliyekuwepo, akatangaza rangi: kijivu na nyeupe.

"Dad, seriously," Haika akasema, kisha akaeleza kwa Kiingereza kwamba miaka ya themanini ilikuwa ya waridi linaloumiza macho, kijani cha ndimu na rangi ya chungwa.

"Ulikuwepo?" Cosmas akauliza.

"No."

"Haya."

Kadi zikachapwa hivyohivyo. Na hapo ndipo muujiza ulipotokea. Haika, aliyekuwa amepewa kazi ya muziki, alisema kama baba yake atamfundisha hiyo Ohio, ataingia naye ukumbini akicheza. Cosmas alikwenda kazini kesho yake kwa basi la 111 akitabasamu peke yake, na mama mmoja akahama kiti.

Furaha yake ilidumu mpaka Jumapili. Haika alikuja jikoni na simu mkononi. Alikuwa ameutafuta wimbo wa lile shindano kwa maelezo ya baba yake, akautafuta na ule mwaka, na mtu fulani huko Amerika alikuwa ameliweka shindano zima kwenye intaneti.

"Ni hawa?" akauliza kwa Kiingereza.

Walikuwa hao. Yule mrefu mwenye nywele zilizosimama kama dari, yule binti wa hereni kubwa, wote. Ila walikuwa na rangi. Suruali ya yule mrefu, ambayo Cosmas aliiharibia jinzi nzima ili kuifikia, ilikuwa ya waridi. Na walikuwa wanakimbia! Magoti yalipanda na kushuka kama ya mtu aliyekanyaga siafu, bega likaachia likarudi, ule mwinamo mkubwa ukaanza na kwisha kabla jicho halijaukamata. Mwimbaji, ambaye sauti yake nzito ndiyo iliyomwozesha Cosmas mke, alikuwa na kisauti chembamba cha mtoto wa komunyo.

"Kuna kitu umebonyeza," Cosmas akasema.

Haika hakuwa amebonyeza kitu. Alisoma maelezo ya mitambo, akaelewa, akamweleza. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni akiegemea friji. "Mji mzima, Dad! Mji mzima mlicheza polepole!" akasema kwa Kiingereza. Alipoinua uso akamwona baba yake, kicheko kikakatika. Cosmas alikuwa amesimama na mwiko mkononi, anaangalia simu iliyokwisha zimika.

"Sasa mimi nilikuwa bingwa wa nini?" akauliza.

Haika akajaribu kumpoza kwa njia aliyoijua. Alisema ameipata na mechi, nzima, na ameitazama hadi mwisho. Je, angependa kujua kama ule mpira...

"Usiniambie!" Cosmas alimkata, mikono masikioni, mwiko ukidondosha mchuzi begani. "Kwa leo inatosha."

Jioni hiyo alimwambia Placida kwamba hawatacheza. Wataingia ukumbini wakitembea, kama watu wenye heshima zao. Placida, ambaye kwa miaka ishirini na tano alikuwa akingoja mtu huyo aanguke, alikasirika akahamia chumba cha Haika na mto wake.

Ile wiki Cosmas aliamua kujirekebisha. Kama Wamarekani wanaongea haraka, naye ataongea haraka. Jumatatu alimpokea bibi mmoja mlangoni mwa ndege akamwambia habari za vyoo, mizigo, teksi na hali ya hewa kwa pumzi moja, na bibi akakumbatia mkoba wake akaita polisi. Jumatano akampata Mama Komal. Huyu ni Mpunjabi wa Southall, mzaliwa wa Nakuru, anayekwenda kwa dada zake Nairobi kila mwaka na kila mwaka humtaka Cosmas kwa jina. Cosmas alimsukuma akitiririka maneno kama mnada. Kabla ya kufika kwenye lifti, Mama Komal akaweka mguu chini kama breki.

"Cosmas, leo iko nini na wewe? Nani anakufukuza?"

"Hakuna, mama. Ndivyo kinavyotakiwa kuongewa."

"Nani amesema? Mimi nashuka ndege na pressure juu, nasikia wewe, pressure inashuka. Dawa ya daktari haifanyi hivyo. Rudisha ile sauti."

"Ile ilikuwa makosa, mama. Mashine ilikuwa mbovu."

"Basi ilikuwa mashine mbovu mzuri sana," Mama Komal akasema. Hakuinua mguu mpaka aliposemeshwa polepole.

Yalimtuliza kidogo, lakini msimamo wake kuhusu dansi haukubadilika. Mama Komal siye aliyemcheka mpaka akakaa sakafuni. Haika ndiye aliyecheka.

Jumamosi ikafika, ukumbi wa kanisa Hounslow, saa nane mchana. Waalikwa kutoka Dar na Mombasa, ambao hawakuelewa kadi, walifika na waridi na kijani cha ndimu. Watu wa Moshi walifika wa kijivu tupu, wamejipanga upande wao kama ukuta ambao haujapakwa rangi. Mshereheshaji, Mnyakyusa mmoja mwenye maneno anaitwa Lusajo, aliwaangalia akauliza kwenye kipaza sauti kama kuna msiba ambao hakuambiwa.

Cosmas na Placida walisimama nje ya mlango, wakisubiri kamati itangulie. Placida alikuwa amependeza na hakuwa akimsemesha. Ndani, Haika alikuwa nyuma ya kompyuta yake na spika. Lusajo akapaza sauti: "Mabibi na mabwana, pokeeni kamati yenu!" Ule wimbo ukapigwa, kama ulivyo huko kwao Amerika, mbio, na kisauti chembamba.

Humphrey akaingia wa kwanza na suti ya kijivu. Goti likapanda. Likapanda taratibu, kwa adabu, likafika juu likatulia. Nyuma yake kamati nzima, akina mama na akina baba wa Majengo, wenye nyonga zao na sukari zao, goti likapanda. Muziki ulikuwa unakimbia, umeshawaacha kituo cha nyuma, wala hakuna aliyeujali. Bega likaachia kwa wote pamoja. Wakainama upande mmoja, safu nzima, na watu wa Dar wakaanza kucheka.

Cosmas aliyaona hayo akiwa mlangoni na uso ukamwaka kwa aibu. Wanaumbuka, akawaza. Wanaumbuka kwa ajili yangu, kwa sababu sikumwambia Humphrey. Akamtafuta Haika kwa macho, akijiandaa kumwona ameshika mbavu.

Haika hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama, mdomo wazi, akiwaangalia wale watu wazima waliokuwa wanakwenda pamoja bila kuangaliana, kila mmoja akijua jirani yake yuko wapi, wakifuata wimbo ambao mle ukumbini haukuwepo. Aliangalia safu, akaangalia mlangoni, akamwangalia baba yake. Kisha akainama kwenye kompyuta, akaweka kidole, akavuta.

Wimbo ukazama. Kile kisauti kikashuka, kikashuka, kikawa sauti nene ya pipani, na ngoma zikaanza kupiga moja, zikasubiri, zikapiga nyingine. Upande wa Moshi mtu alipiga kelele, "Ohio!" kama aliyeona ndugu uwanja wa ndege.

Cosmas hakuamua lolote. Ukimwuliza leo atakuambia ni goti. Goti lilipanda lenyewe, Placida akashika mkono wake, wakaingia. Alipofika katikati ya ukumbi aliachia bega, akaanza kuinama. Akainama, akainama zaidi, kitambi kikimvuta na miaka ikimvuta, watu wa Dar wakaacha kucheka wakashika vinywa. Placida alikuwa amefumba jicho moja. Cosmas akafika chini kabisa pale mtu anapoanguka, akatabasamu kwa jino lake la kubandika, akakaa hapohapo. Hakuanguka. Ukumbi ulilipuka.

Haika alikuja mbio kujiunga. Binti huyo ana miaka sita ya masomo ya dansi, lakini kwenye mwinamo wa kwanza alipepesuka akamwangukia Lusajo. Akajaribu tena, akaanguka tena. Kwenda haraka alikuwa anajua. Kukaa pale katikati, kati ya kusimama na kuanguka, hakuwahi kufundishwa. "How do you stay there?" akamwuliza baba yake, amemkodolea macho.

Yalikuwa ni yale macho. Cosmas aliyatambua mara moja, japo miaka mingi ilikuwa imepita, na ilibidi ajifanye ana jasho machoni. "Usiikimbilie sakafu," akamwambia. "Iache ikusubiri."

Wakati wa ndafu, wakiwa wamekaa meza kuu, Placida, ambaye jambo halikai kifuani mwake, akamwambia Humphrey habari zote: mkanda, mitambo, rangi ya suruali. Humphrey alitafuna akacheka, akasema alikuwa akihisi tangu zamani, jambo ambalo ni uongo mtupu. Kisha Placida akaongeza: "Na ile mechi yenu Haika ameipata. Ameitazama mpaka mwisho."

Humphrey akaweka nyama chini. Akafuta vidole kimoja kimoja. "Haika, mwanangu," akasema, "njoo hapa kwa Anko."

Haika akaja. Watu wa Moshi wakasogeza viti. Cosmas akapiga hesabu: kama mpira uliingia, ameshinda, na Jumapili ijayo Humphrey atapiga simu aseme nini? Kama haukuingia, yeye mwenyewe atapiga aseme nini? Alitaka kuziba masikio lakini mikono ilikuwa na mafuta ya mbuzi.

"Uliingia au haukuingia?" Humphrey akauliza. Swali alilitoa kwa kishindo, lakini jicho lake, Cosmas aliliona vizuri, lilikuwa linaomba jingine.

Haika alimwangalia Anko wake. Akamwangalia baba yake. Akavuta pumzi, akaishusha sauti mpaka chini kabisa ilipoweza kufika, na kwa mara ya kwanza mbele ya wageni wote wale akajibu kwa Kiswahili, taratibu, kila neno likisubiri lenzake likae.

"Sijui, Anko. Mkanda uliishia hapo."